Waya za meno: mswaki mara tatu, na ya usiku haina mjadala

Ukishafungwa waya za meno kila mtu anageuka daktari. Shangazi atakwambia upige mswaki kila unapotia kitu mdomoni, hata iwe karanga moja. Mwenzako wa ofisini atakwambia mara moja asubuhi inatosha, ukizidisha utabandua vyuma. Wa saluni ana unga wa mkaa anauza. Mimi waya zimeshatoka, meno yana rangi moja toka ncha hadi fizi, hayana zile alama nyeupe zinazobaki pembeni ya braketi (vile vyuma vidogo vinavyogandishwa kwenye jino kushikilia waya), na katika hao wote sikumfuata hata mmoja. Sasa ni zamu yangu kusema.

Nilikuwa napiga mara tatu: asubuhi baada ya chai, mchana baada ya chakula, usiku kabla ya kulala. Ya mchana ikikushinda si msiba. Ya usiku ikikushinda umejitafutia mwenyewe, maana ukilala mate hupungua sana, na mate ndiyo yanayozimua tindikali mdomoni. Chakula kilichobaki chini ya waya saa nne usiku kinafanya kazi mpaka alfajiri bila wa kukizuia.

Adui ni ukoga, ule utando laini unaouhisi ukipitisha ulimi. Vijidudu vilivyomo hula sukari na wanga, vikatoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha madini ya jino. Jino tupu lina nafuu kwa sababu ulimi na mashavu hulifuta kutwa nzima. Lenye braketi lina vichochoro: ukanda mwembamba kati ya braketi na fizi, chini ya waya, na pale gundi ilipoishia. Ukoga ukitulia hapo, alama nyeupe zinaweza kuanza ndani ya mwezi mmoja tu. Huo ndio mwanzo wa jino kutoboka, na wengi huziona siku chuma kinapotolewa.

Ndiyo maana ule ushauri wa Shangazi, ambao kwa siku unafika hata mara sita, uliniudhi. Mkono una mazoea. Ukipiga haraka haraka mara sita, unasugua sehemu zilezile mara sita na unaruka vichochoro vilevile mara sita. Afadhali mara mbili za kweli, na moja kati ya hizo iwe ya kina kabisa. Kama unataka kuhesabu kitu, hesabu unakula na kunywa vitu vitamu mara ngapi. Soda inayonyweka ikaisha kwenye chakula ni shambulio moja. Soda hiyohiyo ukiidonoa mezani kuanzia saa nne hadi saa saba, mdomo haupati nafasi ya kutulia, kwa sababu kila funda linaanzisha upya karibu nusu saa ya tindikali.

Ya usiku ilikuwa inanichukua kama dakika nane, mwanzoni hata zaidi. Kama una mipira ya kuvuta taya, itoe kwanza. Sukutua kwa maji kwa nguvu ili mabaki makubwa yatoke, la sivyo mswaki utayashindilia ndani zaidi. Halafu kabla ya mswaki mkubwa, tumia kimswaki chembamba, kile kilichofanana na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto ila kidogo mno. Kipitishe chini ya waya kutokea juu kwenda chini, upande mmoja wa braketi, kisha upande wa pili, jino kwa jino. Kikipinda shingo ni kikubwa mno, chukua saizi ndogo. Kikipita bila kugusa chochote, panda saizi. Bei yake haitishi, nawe ukikisuuza vizuri kimoja kinakufikisha wiki moja au mbili.

Ndipo mswaki, laini, si wa kati wala mgumu. Mgumu hausafishi zaidi, unakwaruza fizi na kuchakaa upesi kwenye chuma. Ulaze kwa mshazari, nyuzi zikielekea kwenye fizi, usugue ule ukanda wa juu ya braketi kwa miduara midogo. Geuza, elekeza nyuzi kutokea upande wa pili wa waya. Kisha piga usoni kabisa mwa braketi. Ndani na sehemu ya kutafunia unazijua. Waya zinatafuna mswaki, kwa hiyo usisubiri miezi mitatu iliyoandikwa kwenye boksi. Nyuzi zikishatawanyika, badilisha.

Dawa ya meno geuza boksi uangalie nyuma: unatafuta floraidi, madini yanayolinda jino, ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,350 hadi 1,500. Kiasi cha punje ya maharage kinatosha. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji, maana utakuwa unaitoa ile floraidi uliyoilipia. Waliozoea kubugia kikombe kizima watachukia mwanzoni. Faida yake ni kwamba hata wiki ya mgao wa maji huna kisingizio.

Watu wa Arusha na pembezoni mwa Mlima Meru huwa wanauliza, kwa haki kabisa, kama floraidi haitawapaka meno kahawia. Ule ukahawia hutokana na kumeza floraidi nyingi kwenye maji utotoni, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya. Mtu mzima anayepiga mswaki na kutema hapati ule ukahawia. Mtoto mdogo ndiye wa kusimamiwa asimeze.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia kuliko vyote. Utajuaje umesafisha kweli? Kioo kinadanganya kwa sababu ukoga una rangi ya jino. Kuna vidonge vya kuuonyesha ukoga, ila kuvipata ni kazi. Mimi nilitumia rangi ya chakula, ile nyekundu ya kutilia keki, kichupa cha bei ya soda. Paka mafuta mgando kwenye midomo kwanza, usije ukatoka bafuni kama umekunywa damu. Vaa fulana ya zamani. Matone mawili matatu ya rangi kwenye kijiko, maji kidogo, chovya pamba ya kusafishia masikio, gusa kila jino pande zote, kaa nusu dakika, sukutua mara moja na uteme. Washa tochi ya simu, jitazame. Jino safi linabaki kama lilivyo. Ukoga umeshika wekundu, na hapo hakuna ubishi. Meno ya mbele yatakuwa safi, yanakupendeza. Angalia meno ya chonge, ukanda wa juu karibu na fizi: mekundu. Angalia upande wa mkono unaopigia mswaki, kwani mwenye kutumia mkono wa kulia mara nyingi huupunja upande wake wa kulia. Angalia nyuma ya jino la mwisho lililofungwa pete. Piga mswaki mpaka wekundu uishe, halafu ukumbuke mkono ulilazimika kukaa vipi ili ufike pale. Somo lenyewe ni ule mkao wa mkono. Rangi ni ya kukuumbua tu.

Ila chagua usiku wa kuamkia siku ya kliniki. Vimpira vinavyoishikilia waya hunyonya rangi, na vyangu vilitoka vya pinki kama vya harusi. Kwa kuwa kliniki hubadilisha vimpira karibu kila wiki nne hadi sita, kesho yake vinatupwa na hakuna anayejua. Kwa sababu hiyohiyo, mpenda urojo au mchuzi wa manjano asichague vimpira vyeupe wala visivyo na rangi. Chukua vya kijivu.

Uzi wa meno una tatizo moja: waya imeziba njia, hauwezi kushuka kutoka juu. Inauzwa sindano ya plastiki ya kuupitishia, nami nilipoikosa nilikata kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia, mpya, urefu wa kiganja, nikakikunja katikati. Zile ncha mbili zinapita chini ya waya, uzi unatiwa kwenye kitanzi, unavuta. Mara moja kwa siku, usiku. Wavuvi wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, hawajui walivyonisaidia.

Mchana ofisini, mswaki ukikushinda, usijitese. Sukutua kwa maji, pitisha kimswaki chembamba kwenye yale meno yanayokushikia mchicha na nyuzi za embe, dakika moja imetosha. Na ukishakula kitu kichachu, iwe urojo, embe bichi la pilipili, ubuyu au juisi ya ukwaju, usikimbilie mswaki. Uso wa jino umelainika kwa muda. Kunywa maji, subiri nusu saa ndipo upige. Hapa ndipo ushauri wa kila ukitia kitu mdomoni unapogeuka madhara. Kujisugua meno kwa ndimu ni madhara zaidi. Unga wa mkaa unakwaruza jino na kujishindilia chini ya waya. Dawa za kung'arisha nazo ziache kwanza, maana chini ya braketi hazifiki. Maji ya chumvi ya vuguvugu yana kazi yake, kidonda cha shavu kilichochomwa na waya, lakini hayaondoi ukoga.

Ramadhani ratiba inahama. Mswaki wa kina unakuwa baada ya daku kabla ya adhana, kwa sababu mdomo utakauka kutwa nzima, na mwingine baada ya futari, kwa kuwa tende na kaimati zinanata kuliko chochote. Mswaki wa mti unaendelea vizuri upande wa ndani wa meno ambako hakuna chuma. Upande wa nje uweke mbali, ncha yake inaweza kuzungusha waya na kung'oa braketi.

Fizi zikitoka damu, watu huacha kupasugua. Ni kinyume. Damu ni dalili kwamba ukoga umekaa hapo, kwa hiyo endelea taratibu kwa mswaki laini, kwa kawaida inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, mara nyingi ukoga umeshakuwa mgumu ukawa ugaga, na huo hautoki kwa mswaki wowote. Mwambie daktari akusafishe, na ufanye hivyo kabla ya siku ya kukazwa waya.