Wiki za kwanza za methadoni: tulivyomsimamia mdogo wangu

Mara mbili tulimfungia mdogo wangu chumbani ili arosto, yaani ugonjwa wa kukosa heroini, imwishe, na mara zote mbili alirudi kwenye unga. Arosto ya heroini humwanza mtu saa 6 hadi 12 zikishapita tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho: miayo, kamasi, machozi, malaika kusimama, kisha tumbo kukata, kutapika na kuhara. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Tulimpa lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Hapo tulifanya sawa. Kosa letu lilikuwa kudhani amepona. Mwili uliokaa siku kadhaa bila unga hauuhimili tena, na kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumkata pumzi. Anayetoka kufungiwa, sober house (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) au rumande ndiye wa kuchungwa kuliko wote.

Ndipo tukaenda kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini ili kuzuia arosto, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya maji, anaimeza mbele ya mhudumu kila siku, hata sikukuu. Siku ya kwanza huwa haizidi miligramu 30, kisha hupandishwa taratibu. Familia nyingi huteleza hapa: siku ya nne mgonjwa analalamika dozi haimshiki, anaongeza kete, pombe au vidonge vya kutuliza vya Valium. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ya jana inajumlishwa na ya leo, na akichanganya na vitu hivyo pumzi hufifia akiwa usingizini. Wiki 2 za mwanzo hatukumwacha alale peke yake. Mkoromo mzito usio wa kawaida yake, midomo kupauka au kuwa ya bluu, mboni kuwa kama tundu la sindano, haamki ukimsugua mfupa wa kifua: mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Naloksoni, dawa inayopinga nguvu ya heroini na methadoni, itamzindua, lakini nguvu yake huisha mapema na methadoni ingalipo, kwa hiyo msikubali kuondoka naye kwa sababu tu amefumbua macho.

Kama anatumia dawa za kifua kikuu, kliniki iambiwe siku ya kwanza. Rifampisini hulifanya ini liiondoe methadoni haraka, arosto ikarudi ilhali hajakosa dozi hata moja, na nyumbani mkamwita mwongo bure. Dawa kadhaa za VVU hufanya vivyo hivyo. Choo kigumu ni cha kawaida. Maji mengi, papai na mchicha husaidia.

Akikosa siku 3 mfululizo, amwambie mhudumu kabla dawa haijamiminwa, maana dozi hupunguzwa kwanza. Waliokosa, wengi wao kisa ni nauli tu. Sisi tuliitenga ya mwezi mzima kando na hela ya chakula, tukampa ya siku moja moja, asubuhi, akiwa ameshavaa viatu.