Nilivyoirudishia Zenit-E yangu macho ya mbali

Kamera yenyewe ni Zenit-E, kazi ya kiwanda cha KMZ pale Krasnogorsk, jirani na Moscow. Zilianza kutoka mwaka 1965 na zikauzwa kwa mamilioni. Hii yangu niliinunua Dar es Salaam kwa familia ambayo marehemu baba yao alisoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba miaka ya sabini, akarudi nayo nyumbani. Ngozi yake bado imeshika, na shata, pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu, inafyatuka vizuri kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde. Lenzi ni Helios 44-2 ya milimita 58, ambayo Warusi waliichora kwa kufuata Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss. Naipenda sana lenzi hii, hasa inavyolainisha mandhari ya nyuma ya mtu.

Tatizo lilionekana filamu iliporudi kutoka kusafishwa. Nyuso za wauza samaki wa Feri, waliokuwa hatua chache tu kutoka nilipo, zilitoka wazi kabisa, hadi magamba yaliyowagandia mikononi. Lakini meli zilizotia nanga na majengo ya ng'ambo yalikuwa ukungu mtupu, na pete ya fokasi nilikuwa nimeizungusha hadi mwisho, kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa. Ajabu ni kwamba picha za mbali nilizopiga saa sita mchana zilikuwa na nafuu.

Nafuu ile ilinipa fununu. Kwa filamu ya ISO 200 na jua la Dar, mchana unapiga kwa f/16, na tundu dogo namna hiyo linasamehe mengi: hata fokasi ikiwa imekosea, vitu vya mbali vinaonekana vizuri kiasi. Jioni unafungua hadi f/2 au f/2.8, na hapo kosa halina pa kujificha.

Niliowauliza wengi walisema lenzi ifunguliwe isafishwe. Sikukubali. Kamera ya aina hii ina njia mbili za mwanga: moja inapanda kupitia kioo cha kuakisi hadi kwenye kioo unachochungulia, nyingine inakwenda moja kwa moja kwenye filamu. Njia hizo lazima zilingane kwa urefu. Kwa hiyo kosa linaweza kuwa kwenye lenzi, au kwenye kioo cha kuakisi kilichokaa vibaya, au mwili wenyewe uliogongwa. Ukianza kufungua kabla hujajua ni lipi, unaongeza la pili juu ya la kwanza.

Nilikwenda kwa fundi vioo akanikatia kipande chembamba, upana wake pungufu kidogo ya milimita 35, nikakisugua upande mmoja kwa msasa wa maji hadi kikawa cheupe kama maziwa. Hapa pana jambo dogo lenye uzito wote. Ukifungua mgongo wa kamera utaona reli mbili juu na mbili chini ya dirisha la filamu. Za nje zimeinuka kidogo, na juu yake hukaa bamba la kukandamiza. Za ndani ndizo filamu inazolalia. Kioo lazima kikae kwenye zile za ndani, upande uliosuguliwa ukiangalia lenzi. Kikipanda kwenye za nje, kipimo chote ni bure. Selotepu, ambayo wengine huitumia badala ya kioo, hulegea katikati na kukudanganya.

Basi nikaweka kamera kwenye stendi juu ya paa, kasi ya B, shata imeshikiliwa wazi kwa waya wenye kufunga, lenzi f/2, nikaielekeza kwenye taa nyekundu ya mnara wa simu ulio mbali. Nikachungulia kile kioo kwa lenzi ya fundi saa. Taa ilikuwa duara pana, lililovimba. Nikafunga shata, nikachungulia kwenye tundu la kawaida: ukungu uleule. Nikalenga nguzo ya karibu, ikawa wazi sehemu zote mbili, pete ikiwa palepale. Maana yake mwili ni mzima, njia zake mbili zinapatana. Ili nisibaki na shaka niliazima lenzi ya Takumar ya Pentax, maana nayo hufungwa kwa skrubu ileile ya M42. Taa ikawa nukta.

Kwa hiyo ni Helios, na yaelekea aliyeifungua zamani kubadilisha grisi alirudisha pete mahali pasipo pake, ikawa inagota kabla lenzi haijarudi ndani ya kutosha.

Bisibisi ndogo niliipata kwa mzee mmoja fundi saa wa Kariakoo. Nilipomwonyesha skrubu tatu zilizozunguka pete ya fokasi, akaniambia, "Usizitoe, mwanangu. Zilegeze tu, zote sawa, na usilazimishe." Ndivyo nilivyofanya. Skrubu zikilegea, pete inazunguka peke yake bila kubeba lenzi. Nikarudi juu ya paa, nikazungusha sehemu ya ndani taratibu hadi taa ya mnara ikawa nukta kwenye kioo, nikaipita kidogo, nikairudia ili niwe na hakika. Kisha nikaleta pete hadi ∞ bila kuigusa ile ya ndani, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Tone la mafuta sikuweka. Mafuta hutambaa hadi kwenye visu vya diafragma, vile vinavyopanua na kubana tundu la lenzi, na hilo ni balaa jingine.

Uhakiki niliufanya kwa futi kamba: mita moja kamili kutoka filamu inapokaa, siyo kutoka mdomo wa lenzi. Gazeti nililolibandika ukutani likasomeka, na pete ikaonyesha 1. Filamu iliyofuata niliipiga Feri jioni, kwa f/2, na majina ya meli yanasomeka.

Juzi rafiki yangu kaniletea kamera ya Praktica yenye malalamiko yaleyale. Kwenye kioo cha reli taa ya mnara ilikuwa nukta safi. Kwenye tundu la kuchungulia, ukungu. Lenzi yake nimemwambia asiiguse. Sponji ya juu, inayopokea kioo cha kuakisi kinaporuka, imeoza na kunata, kioo hakishuki hadi mahali pake, na hapo ndipo tutakapoanzia.