Karatasi ya bibi na kiti cha kadhi

Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi na kufa Pemba, katika kijiji kisicho mbali na Wete, na katika vitu vichache alivyoacha kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne na kutiwa ndani ya mkoba wa ukindu pamoja na pete zake mbili za fedha. Karatasi hiyo ni hati ya talaka yake kwa mume wa kwanza. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino wake umegeuka rangi ya kahawia, na mahali karatasi ilipokunjwa imeanza kupasuka. Chini kabisa, pembeni mwa muhuri, pana alama ya dole gumba lake. Bibi hakuweza kuyasoma maandishi yale, lakini dole gumba alilijua, na kila alipoitoa karatasi kuipunga hewa aliweka kidole juu ya alama ile kama anayepima kama bado kinaenea. Alipoulizwa habari za siku hiyo alisema maneno machache tu: "Kadhi kanisikiza mpaka nikamaliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuitafuta historia ya kiti cha kadhi, hakimu wa sheria ya Kiislamu, katika visiwa vyetu vya Zanzibar. Nilichokikuta kwanza ni orodha ya masheikh: nani alisoma kwa nani, nani alimrithi nani, nani aliandika kitabu gani. Orodha hiyo ina heshima yake na nitaipitia hapa, kwa sababu bila wao kiti kisingekuwa na uzito wowote. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba watawala walikipunguza kiti hiki mara kwa mara, na waliokifanya kiendelee kuwapo ni watu waliokuwa wakienda kukaa mbele yake, na wengi miongoni mwao ni wanawake kama bibi.

Ukadhi katika pwani hii ni wa kale kuliko usultani wa Waomani. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na penye Uislamu uliokaa kwa muda huo hapakosi wa kufungisha ndoa na kugawa mirathi. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipopita pwani mwaka 1331 alieleza jinsi Mogadishu ilivyokuwa ikihukumiwa: mambo ya sheria ya dini yalikatwa na kadhi, mengineyo yakakatwa na mawaziri wa baraza, na lililohitaji kauli ya sultani liliandikwa na kupelekwa ndani, naye akajibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Mgawanyo huo wa lipi ni la kadhi na lipi ni la mtawala ndio ulioendelea kuvutaniwa kwa karne zote zilizofuata.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipoyahamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alitawala akiwa Ibadhi juu ya wenyeji ambao wengi wao ni Masuni wa madhehebu ya Shafi. Kwa hiyo mjini palikuwa na makadhi wa pande mbili, wa Kiibadhi na wa Kisuni, na desturi hiyo ilidumu katika utawala wa wanawe. Miongoni mwa makadhi wa Kisuni wa enzi ya Said alikuwamo Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa katika pwani ya Somalia, aliyefariki mwaka 1869. Kutoka Barawa hiyo hiyo akaja Sheikh Abdulaziz al-Amawi, ambaye alipewa ukadhi wa Kilwa akiwa bado kijana kabla ya kuwa kadhi Unguja. Tusifikirie jengo la mahakama lenye kizimba. Kadhi alikaa barazani kwa nyumba yake, wadai wakakaa chini mbele yake, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Asiyeridhika alikuwa na njia ya kumwendea Sultani mwenyewe, na Sultani ndiye aliyemweka kadhi na ndiye aliyeweza kumwondoa.

Jambo hilo la mwisho lilimfika Sayyid Ahmad bin Sumeit, ambaye mimi namhesabu kuwa mkubwa wa makadhi wetu wote. Alizaliwa Ngazija mwaka 1861, baba yake akiwa mfanyabiashara wa baharini mwenye asili ya Hadhramaut, na yeye mwenyewe alikuwa nahodha kabla ya kuwa kadhi. Sultani Sayyid Barghash alimpa ukadhi akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Baadaye wawili hao walikosana, naye akaondoka, akafika mpaka Istanbul, na hakurudi kukaa Unguja hadi Barghash alipofariki mwaka 1888. Aliporudi alikalia tena kiti cha ukadhi na hakukiacha mpaka kufa kwake mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, aliyekuwa na madrasa yake Ukutani. Nikimfikiria mtu huyu, huwa nakumbuka zaidi bahari yake kuliko vitabu vyake. Aliyewahi kuongoza jahazi amejifunza kuwasikiliza mabaharia wanaogombana bila mahali pa kukimbilia, na naamini hilo lilimfaa barazani.

Kufikia wakati huo, kiti alichokikalia hakikuwa tena kile alichokikuta. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na taratibu makali ya ukadhi yakaanza kupunguzwa. Mwaka 1905 iliundwa Kamisheni ya Wakfu, ambamo makadhi walikaa pamoja na maofisa wa Kiingereza kuamua mambo ya mali za wakfu, na maofisa hao ndio waliokuwa na usemi. Mwaka 1908 mahakama za Sultani zilipangwa upya, majaji wa Kiingereza wakawekwa juu ya makadhi. Makosa ya jinai yalitoka mikononi mwa makadhi, mashauri makubwa ya mali yakafuata, nao wakabakiwa hasa na ndoa, talaka, matumizi ya mke na mirathi. Majaji waliendelea kuwaita makadhi kuwauliza sheria inasemaje, lakini kuulizwa si sawa na kuhukumu.

Sitaki kuandika kana kwamba kila kadhi wa zama hizo alikuwa mtetezi wa wanyonge. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897, kwa amri ya Sultani Hamoud bin Muhammed, wako makadhi walioendelea kudai idhini ya bwana wa zamani kabla ya kumwozesha mwanamke aliyekuwa mtumwa. Mwanamke huyo alikuwa ameshaachwa huru na sheria ya nchi, lakini mlangoni pa ndoa alirudishwa kwa yule yule aliyemmiliki. Hili linaniuma kila ninapolisoma, na naona anayeisimulia historia ya ukadhi bila ya kulitaja amesimulia nusu.

Katika mambo yaliyobaki, mirathi ndiyo iliyokiweka kiti cha kadhi katikati ya maisha ya Pemba, kwa sababu Pemba ni karafuu, na kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Marehemu haachi shamba tu, anaacha mikarafuu inayohesabika mmoja mmoja. Chukua mtu aliyeacha mke, watoto watatu wa kiume, binti mmoja na mikarafuu 24. Mke mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni mikarafuu 3. Iliyobaki 21 inagawiwa mafungu saba, kila mwanamume mafungu mawili na binti fungu moja, kwa hiyo kila kijana anapata 6 na binti anapata 3. Kwenye karatasi hesabu hiyo inamalizika kwa dakika moja. Shambani inachukua siku nzima, kwa sababu mikarafuu hailingani: mmoja unajaza pishi nyingi msimu mzuri, wa pili umekauka nusu, wa tatu uko mpakani na jirani anadai ni wake. Nilipokuwa mdogo niliwahi kufuatana na wakubwa kwenye mgao wa namna hiyo, nikamwona mjomba akifunga kitambaa chekundu kwenye mikarafuu mitatu ya shangazi yake, huku mama huyo akiwa amesimama kimya na kuvigusa vigogo kimoja baada ya kingine. Aliyeyaandika mafungu hayo alikuwa kadhi, na pale pale shambani palikuwa na watu wawili ambao wasingekubali kauli ya mtu mwingine yeyote.

Pemba haikuwa ukingo wa ukadhi. Sayyid Omar bin Sumeit, mtoto wa Sayyid Ahmad, alikuwa kadhi Pemba kabla ya kupelekwa Unguja na hatimaye kuwa Kadhi Mkuu. Baada yake, mwaka 1960, ukadhi wa Unguja alipewa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu na mkaguzi wa skuli na ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili imo katika nyumba nyingi za pwani hii. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta katika kiti hicho. Mwaka 1967 aliondoka, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huko alikuta ukadhi uliolindwa kwa ahadi iliyohusu Zanzibar yenyewe: Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua kuhusu mwambao wa Kenya, uliokuwa chini ya milki ya Sultani, na katika barua hizo iliahidiwa kwamba mahakama za makadhi zitaendelea. Ndiyo maana Kenya ina kadhi katika katiba yake, hali Tanganyika, jirani yetu na mwenzetu katika Muungano, iliondoa mahakama za makadhi katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Kwetu, miaka ya baada ya Mapinduzi ilikuwa ya mahakama za wananchi, zisizoruhusu mawakili, na ukadhi ulibaki ukiwa mdogo pembeni mwa mfumo huo. Kisha ikaja Sheria ya Mahakama za Makadhi namba 3 ya mwaka 1985, iliyoupa tena ngazi zake: kadhi wa wilaya, juu yake Kadhi Mkuu, na juu ya Kadhi Mkuu rufaa ya Mahakama Kuu, ambako Jaji alikaa pamoja na maulamaa wanne. Shauri la Kiislamu lililoanzia kwa kadhi haliendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwani Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imeliwekea mpaka. Linamalizika hapa hapa visiwani. Mtu wa mbali anaweza kuona jambo hili ni dogo, lakini kwa mama anayedai matumizi ya watoto wanne, kutolazimika kupanda ngazi nyingine zaidi ya rufaa ni sehemu ya haki yenyewe.

Safari ya shauri huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa au kijiji. Mwenye malalamiko humwendea sheha wa shehia yake, ambaye hujaribu kuwapatanisha, na akishindwa huandika barua ya kwenda mahakamani. Karani wa kadhi huichukua barua hiyo, humsikiliza mdai, kisha huyaandika madai kwa lugha ya kisheria, na ufundi wa karani una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, maana mama huja na kisa cha miaka kumi na karani lazima akitoe katika aya mbili bila kukiua. Wadai wengi ni wanawake. Mume anaweza kutoa talaka akiwa amekaa kwake, lakini mke anayetaka kutoka anamhitaji kadhi, ama avunje ndoa kwa faskhi akithibitisha kwamba hapewi matumizi au ametelekezwa, ama asimamie khului, ambayo watu wetu huiita kununua talaka. Bibi yangu aliinunua yake. Alirejesha mahari aliyopewa, na zaidi ya hayo hakuna aliyewahi kumsikia akiitaja bei.

Sheria ya Mahakama ya Kadhi, namba 9 ya mwaka 2017, imemkabidhi kadhi jambo ambalo kizazi cha bibi hakikuwa nalo: kugawa mali iliyochumwa na wanandoa wote wawili pale ndoa inapovunjika, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mimi naliona hili kuwa badiliko kubwa kuliko yote tangu 1908, kwa kuwa safari hii kiti kimeongezewa kazi badala ya kupunguziwa. Ugumu wake uko kwenye ushahidi. Mwanamke aliyepalilia mikarafuu, akachambua karafuu na kuzianika juani kwa miaka ishirini hana risiti, na nyumba iliyojengwa kwa fedha za karafuu hizo iko kwa jina la mume. Kadhi anayetaka kumtendea haki mama huyo itampasa asikilize kwa muda mrefu, amuulize nani alikuwa akichambua usiku na nani alikuwa akilinda majamvi mvua ilipotishia.

Karatasi ya bibi nimeitia sasa ndani ya bahasha ngumu, isiendelee kupasuka. Mzee mmoja mtaani kwetu, anayesoma mwandiko wa makarani wa zamani kwa wepesi, amekwisha nisomea mistari saba ya mwanzo. Mstari wa tano unasema kwamba mke aliulizwa kama anataka mwenyewe au ameshurutishwa, na wa sita unasema kwamba aliulizwa tena.