Fundi kafika, mlango haufunguliwi

Wiki ya tatu hii dari ya choo changu yadondosha maji, na yatoka bafuni kwa jirani wa juu, fundi ashaangalia akasema ni paipu ya chuma ndani ya slebu imeliwa na kutu. Hapa Tudor, Mombasa, kutu si ajabu, upepo wa bahari upande mmoja na maji ya kisima ya chumvi upande wa pili, ndiyo twajazia tangi siku mifereji ikikauka.

Shida ni kuingia. Fundi amepanda mara 4 akarudi mara 4, mi mwenyewe nikabisha hodi mpaka nikaona haya. Na nyumba zetu ni za ushirika, sote wanachama, sote tuna hisa, hakuna landilodi wa kumpigia simu, ni kamati tu na kamati kila siku "tutaongea naye".

Nilikasirika sana. Nikaisoma ile sheria ya Kenya ya Sectional Properties ya 2020, ya majengo ambayo kila fleti ina hati yake, yasema mwenye nyumba awaruhusu mafundi waingie akipewa notisi, saa za maana, na ikiwa ni dharura hata notisi si lazima. Lakini sisi hatujasajili chini yake, hati bado ni ya ushirika, kwa hivyo twarudi kwa katiba ya ushirika wetu, na katiba haisemi notisi ya siku ngapi wala nani aingie. Tukishindwana kesi yaenda kwa jopo la kuamua mizozo ya ushirika, na maji hayasubiri kesi.

Juzi magharibi yule jirani akashuka mwenyewe. "Dadangu mimi sikatai, mume wangu yuko melini, niko na wasichana wangu wawili, mwaniletea wanaume watatu siwajui bila hata meseji, nifungue vipi?" Nikakosa la kusema. Wiki tatu namuona mkaidi kumbe hakuna aliyemuuliza, kamati ilibandika karatasi getini basi. Stara ya mtu nyumbani kwake si kitu kidogo jamani.

Tukaelewana palepale, Jumamosi saa tatu asubuhi, fundi mmoja na msaidizi wake, mimi na mama mweka hazina tukae naye mpaka kazi iishe.

Kimebaki kigae. Kamati yasema vigae vya bafuni vitakavyovunjwa alipe jirani, mimi sikubali kabisa, paipu ni ya jengo zima, vigae vyavunjwa kwa ajili ya paipu, pesa itoke kwa ushirika. Barua nshaiandika, twaitia sahihi sote wawili.