Bakuli lililoruka na bakuli lililobaki

Bakuli langu la kwanza lilichomoka kwenye mashine ya kukereza, likagonga bati la paa la karakana yetu hapa Uyole, likabingirika hadi kwa jirani anayechomelea mageti. "Fundi, sahani yako hii!" akaniletea huku anacheka. Mimi magoti yalikuwa yanacheza.

Nilikuwa nimekata gogo la msindano vipande vya duara, kama mtu akatavyo muhogo, nikakifunga kimoja kwa skrubu nne kwenye sahani ya chuma ya mashine, ile inayoshika mti ukizunguka. Mjomba, aliyekereza miguu ya vitanda tangu sijazaliwa, alichungulia yale matundu. Vumbi tupu. "Mjomba, umefunga skrubu kwenye fagio," akasema. Kweli: skrubu ziliingia sambamba na nyuzi za mti, hazina cha kung'ata.

Safari ya pili nikapata gogo kavu la mparachichi kutoka Tukuyu. Tukalipasua kwa urefu, tukaondoa moyo. Sasa skrubu zilipita kukatisha nyuzi. Nikaweka sita, upande ambao baadaye ungechimbwa, kwa hiyo matundu hayakunisumbua. Mkanda nikauweka kwenye puli ndogo ya mota ili mti uzunguke polepole, ncha ya nyuma ya mashine ikausukuma mti usicheze, nami nikasimama pembeni.

Nje ilipokaa sawa, nikasawazisha kitako kiwe bapa kabisa, rula ikilala juu yake mwanga usipite. Kabla ya kufungua, nikagusisha penseli wakati mti unazunguka, ikachora duara. Kwenye duara hilo ndipo nilipobandika kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4: gundi nyeupe, karatasi ya gazeti, gundi tena, kisha jiriwa usiku kucha. Sahani ikahamia kwenye kipande hicho kwa skrubu fupi zisizofika kwenye bakuli. Nikachimba ndani kidogo kidogo. Nilipokuwa na pupa, patasi ilining'ang'ania mara moja, moyo ukanipasuka, lakini bakuli halikusogea.

Mwisho nikaweka patasi kwenye mstari wa gazeti, nikagonga mara mbili. Karatasi ikapasuka katikati, kipande kikaachia.

Mke wangu analiwekea karanga. Chini bado yanasomeka matokeo ya mechi, nusu yake, na mimi msasa sijapitisha.