Penseli Ilipoinama

Mara ya kwanza nilipoagiza mabuti ya kushonewa, fundi alinirudishia karatasi ya vipimo kabla hajagusa ngozi. Yeye hufanya kazi peke yake, mbali na ninapoishi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba nijipime nyumbani kisha nimtumie michoro ya nyayo zangu pamoja na namba zote alizoniomba. Nilidhani nimefanya kazi safi. Jibu lake lilikuwa fupi: mguu uliochorwa ni mwembamba mno kwa mzunguko ulioandikwa, kwa hiyo ama utepe umedanganya au penseli imedanganya.

Penseli ndiyo iliyodanganya. Nilikuwa nimejichora mwenyewe, na kila ncha ilipozunguka mguu ilijipenyeza kidogo chini yake bila mimi kujua, hasa upande wa ndani. Penseli hutakiwa kusimama wima kama nguzo, na ashikaye awe mtu mwingine, kwa kuwa anayejichora hana budi kuinama, na akiinama uzito wa mwili husogea na umbo la unyayo hubadilika. Safari ya pili nilimwomba mdogo wangu anichore nikiwa nimesimama, uzito nimeugawa sawasawa kwa miguu yote miwili, nimevaa soksi zilezile nene nilizokusudia kuvalia mabuti hayo. Tulifanya hivyo jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na buti lililoshonwa kwa kipimo cha asubuhi huanza kubana alasiri.

Baada ya michoro huja utepe. Hupitishwa penye mzizi wa kidole gumba na wa kidole cha mwisho, ambapo mguu ni mpana kuliko pote. Kisha katikati ya unyayo. Kisha kutoka kisiginoni hadi mkunjo wa mguu kwa mbele. Halafu kwenye kifundo na, kwa buti refu, kwenye shavu la mguu. Utepe hulala juu ya ngozi bila kuibana. Kipimo cha kisigino hadi mkunjo nilitaka kukiruka, nikaambiwa kwamba kwa buti lisilo na kamba hicho ndicho huamua kama mguu utaingia kabisa. Langu lilikuwa la kamba, nikakipima vilevile.

Vipimo vilithibitisha nililolishuku miaka mingi: mguu wangu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa milimita nne. Viatu vya dukani haviwezi kulijibu jambo hilo. Katika namba za Ulaya hatua moja ni theluthi mbili za sentimita, na katika zile za Uingereza ni theluthi ya inchi, yaani zaidi kidogo ya milimita nane, na tena jozi nzima hufuata namba moja. Kwa hiyo nilikuwa nikinunua kwa kuufuata mguu wa kushoto na kuuacha wa kulia ukiogelea.

Fundi hashoni juu ya mguu wako, hushona juu ya kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa, na hapa ndipo mteja anapaswa kuuliza maswali bila haya. Kuchonga kalibu mpya kwa ajili ya mtu mmoja huongeza gharama na muda wa kusubiri. Mafundi wengi huchukua kalibu iliyo karibu na vipimo vyako, wakabandika vipande vya ngozi pale mguu unapohitaji nafasi. Yangu ilibandikwa penye kinundu cha kidole gumba cha kushoto, kwa tabaka mbili nyembamba, kisha ikapigwa msasa hadi vipande hivyo vikawa kama vilichongwa nayo.

Kuhusu ngozi, nilijitia ujuzi. Nilitaka ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ambayo huwa ngumu mwanzoni na kuchukua umbo la mguu polepole. Fundi aliniuliza ninatembea wapi. Nikajibu kweli: matopeni, mara nyingi. (Nadhani wengi wetu humweleza fundi maisha tunayoyatamani, si tunayoyaishi.) Akanishauri ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromi na kushindiliwa mafuta, ambayo ni laini zaidi na huvumilia maji, nami nikakubali kwa shingo upande.

Juu ya soli sikukubali kushawishiwa. Niliomba ishonwe kupitia ukanda mwembamba wa ngozi uzungukao buti, ambao hushonewa kwenye ngozi ya juu na soli ya ndani. Soli ya nje hushonewa kwenye ukanda huo, hivyo ikiisha hung'olewa na kuwekwa nyingine bila kuigusa ngozi ya juu.

Nililipa arabuni baada ya kupata maandishi yanayosema nini kitafanyika mabuti yasiponitosha, kwa maana kitu kilichoshonwa kwa miguu yako hakiwezi kuuziwa mwingine kwa urahisi. Kabla ya mabuti yenyewe nilipokea jozi ya majaribio ya ngozi hafifu. Nilipanda nayo ngazi, nikachuchumaa, nikapiga picha za mikunjo na kumtumia fundi. Kisigino changu cha kulia kilipanda kidogo ndani ya buti. Alisema hilo hupungua soli inapozoea kukunjika. Alichokipunguza ni ngozi iliyojikunja mshazari juu ya unyayo, dalili kwamba pale palikuwa na nafasi ya ziada.

Mabuti yalikuja yakiwa magumu kifundoni na sahihi kwingineko kote. Kalibu zangu zimebaki kwake zikiwa na vipande vyake vya ngozi, na nilipoagiza jozi ya pili, fundi aliniuliza rangi tu.