Kuchagua mimea ya zulia kwa tangi kubwa la samaki

Watu wengi wanaotaka kuotesha zulia la mimea, yaani mimea mifupi inayotanda juu ya udongo, katika tangi kubwa la samaki huchagua mmea kwa kutazama picha, na nyingi kati ya picha hizo zimepigwa katika matangi madogo yenye kina cha sentimita 30 hivi. Mimi naona ni vyema kuanza kwa kupima kina cha tangi lenyewe, kisha urefu wa mkono utakaoingia humo kupanda na kupogoa. Tangi lenye kina cha sentimita 60 lina masharti yake, na baadhi ya mimea inayosifiwa sana haiyawezi.

Mwanga hutawanyika na kufifia kadiri taa inavyokuwa mbali na udongo, na sehemu ya mbele ndiyo inayopunjwa zaidi. Udongo wa mbele huwekwa chini kuliko wa nyuma ili mandhari ipate mteremko, na taa nyingi hukaa juu ya katikati ya tangi. Kwa hiyo mmea mfupi kuliko yote, ambao mara nyingi ndio wenye njaa kubwa ya mwanga, huishia mahali ambapo mwanga ni haba. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, utazame mmea wa Glossostigma elatinoides. Penye mwanga mkali hutambaa ukiwa umelalia udongo, ukishusha mizizi katika kila kifundo. Mwanga ukipungua, shina lile lile huinuka, nafasi kati ya jozi moja ya majani na nyingine hurefuka, na mahali pa zulia hubaki vijiti vyembamba vinavyotafuta taa. Anayeutaka katika tangi lenye kina kirefu hana budi kuisogeza taa mbele au kuongeza ya pili, pamoja na kuingiza kaboni dioksidi ya kutosha, ambayo wafugaji wengi huilenga kwenye miligramu 30 hivi kwa lita huku wakiwachunga samaki wasije wakahema juu ya maji.

Hemianthus callitrichoides, wenye asili ya Kuba, huulizwa kuliko mimea yote. Majani yake ni ya milimita chache tu, na mizizi yake mifupi hung'oka kwa urahisi. Kwa tangi kubwa siupendekezi, na ugumu wa kuutunza si sababu pekee. Tangi la karibu mita mbili hutazamwa kwa mbali, na kwa umbali huo majani madogo kiasi hicho hayaonekani tena kuwa majani. Jicho huona rangi ya kijani tu. Panapokuwa na nafasi kubwa, jani lenye umbo linalotambulika hupendeza zaidi.

Ndiyo maana mwenye mwanga mzuri na kaboni dioksidi ningemshauri achukue Micranthemum tweediei, unaojulikana zaidi kwa jina la Monte Carlo. Majani yake ya mviringo ni makubwa kidogo, nao husamehe mengi. Ila usiuache ukajirundika: tabaka la chini likikosa mwanga hugeuka manjano na kuoza, mizizi hulegea, na siku moja kipande kizima cha zulia huelea juu. Upogoe kwa mkasi uliopinda ungali mfupi, hata kama bado unaonekana mzuri.

Asiye na muda wa kutumbukiza mkono mpaka begani kila mara, au mwenye mwanga wa wastani, namwelekeza kwenye Marsilea hirsuta, na hapa nakiri kuwa na upendeleo. Huu ni mmea wa jamii ya kangaga. Ukiwa umekuzwa nje ya maji, kila kikonyo hubeba vipande vinne vya jani. Ukizama, majani mapya hutoka mengine yakiwa na kipande kimoja tu cha mviringo, mengine na viwili, hivyo mabadiliko hayo yasimtie mtu hofu. Hukua polepole, na hutaka subira ya miezi kadhaa, lakini ukishatanda hauhitaji mkasi mara kwa mara.

Mwenye subira zaidi anaweza kuchukua Cryptocoryne parva, ambao ni wa polepole zaidi. Nyasi za Eleocharis nazo hutanda vizuri, ingawa hunasa uchafu katikati ya majani yake. Sagittaria subulata huuzwa kama mmea wa mbele, lakini unaweza kufikia sentimita 30 na zaidi, kwa hiyo bora ukae nyuma kidogo.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya eneo. Ukanda wa mbele wenye urefu wa sentimita 180 na upana wa 20 ni sentimita za mraba 3,600. Ukipanda kitita kimoja kila baada ya sentimita 5, utahitaji vitita 144. Mimea iliyooteshwa maabara katika vikopo hugawanyika vizuri kwa kazi hii na haiji na konokono wala mwani, mradi jeli inayoizingira mizizi yake ioshwe yote. Samaki wanaochimbua udongo, kama Corydoras, waingie baadaye. Vuta kitita kimoja taratibu kwa kibano: kikifuata, mizizi bado haijashika, na samaki hao wangoje.